Mkufunzi wa aljebra aruhusiwe kueleza kwa Kiswahili

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalowagusa watu wazima wengi wa mikoa ya Mtwara na Lindi tunaorudi darasani baada ya miaka mingi, nalo ni namna kozi ya utangulizi ya aljebra inavyofundishwa vyuoni. Ombi langu ni kwamba mkufunzi wa kozi hiyo aruhusiwe, na tena ahimizwe, kueleza hatua za mwanzo kwa Kiswahili, kwa maneno yale yale ya Hisabati tuliyotoka nayo shule ya msingi, hata kama mtihani wa mwisho utaendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Halihitaji jengo jipya wala fungu la bajeti.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Mikindani, na kwa miaka 11 nimekuwa karani katika chama cha msingi cha ushirika kinachopokea korosho za wakulima. Nilimaliza Kidato cha Nne mwaka 2001, nikafaulu masomo mengine na kufeli Hisabati, kama walivyofeli wenzangu wengi wa darasa lile, kwa kuwa somo hilo limekuwa kwa miaka mingi likiangusha watahiniwa wengi kuliko masomo mengine. Mwaka jana nilijiunga na masomo ya cheti cha uhasibu katika chuo kimoja ambacho sitakitaja, kwa sababu walimu wake wana nia njema na kasoro ninayoieleza haikuanzia kwao. Katika muhula wa kwanza aljebra ni kozi ya lazima, na asiyeifaulu hawezi kuendelea.

Kipindi cha kwanza mkufunzi aliandika ubaoni mlinganyo huu: 5 − (x − 3) = 2. Akatuambia kwa Kiingereza, tena kwa haraka, kwamba haya ni mambo ya sekondari ambayo kila mmoja wetu anayakumbuka, akafungua mabano kwa mstari mmoja, akapata x = 6, akaendelea na mlinganyo mwingine. Baada ya saa moja ubao ulikuwa umejaa na kufutwa mara nne. Sikuinua mkono, wala jirani zangu hawakuinua, kwa sababu ili kuuliza ilinipasa kwanza nitunge swali kwa Kiingereza mbele ya vijana wenye umri wa mwanangu mkubwa, na kabla sijamaliza kulitunga kichwani somo lilikuwa limeshahama. Jaribio la kwanza lilipokuja nilipata alama 9 kati ya 40.

Usiku ule niliketi na karatasi ya jaribio pamoja na binti yangu aliye Kidato cha Pili. Akanionyesha kwamba nilipofungua mabano niliandika 5 − x − 3, nikapata x = 0, ilhali ilinipasa kuandika 5 − x + 3. Nikamuuliza, "Kwa nini ile 3 imegeuka kuwa ya kujumlisha, mwanangu?" Akanijibu, "Mama, tunaambiwa alama inabadilika." Nikamuuliza inabadilika kwa sababu gani, naye hakujua, na mimi pia sikujua. Tulikuwa watu wawili wa vizazi viwili, tumepewa kanuni ile ile bila sababu yake, na nadhani hapo ndipo mahali hasa ambapo watu wengi huipotezea aljebra: wanaanza kukariri, na chochote kinachokaririwa bila sababu hutoweka siku ya mtihani.

Jibu nililipata kazini, wala si kwa kulitafuta. Nitatumia namba nyepesi ambazo si bei ya mnada wowote. Tuseme korosho imeuzwa shilingi 2,500 kwa kilo, na makato ni shilingi 250 kwa kilo, hivyo mkulima anabaki na 2,250. Kisha ikaonekana kwamba katika yale makato, shilingi 50 hazikustahili, kwa hiyo makato halisi ni (250 − 50). Nilikuwa namweleza mzee mmoja mkulima jambo la namna hii, na kabla sijashika kikokotoo akasema, "Basi, mwanangu, si mmeniongezea hamsini?" Mzee yule alikuwa ameshafungua mabano. Hesabu yake ni 2,500 − (250 − 50), ambayo ni 2,500 − 250 + 50, yaani 2,300. Makato yakipunguzwa, fedha ya mkulima inaongezeka. Kutoa kilichopunguzwa ni kurudisha ile sehemu iliyopunguzwa. Kwa miaka 11 nimeifanya hesabu hiyo mezani kwangu bila kukosea, na bado nikaikosea darasani, kwa sababu hakuna aliyeniambia kwamba ni hesabu ile ile.

Hali ni hiyo hiyo kwa milinganyo yenyewe. Mkulima anaponiuliza apeleke ghalani kilo ngapi ili apate shilingi 1,800,000 za ada na matengenezo ya paa, kwa bei na makato niliyoyataja, anauliza thamani ya x katika mlinganyo wa 2,250x = 1,800,000. Jibu ni kilo 800, yaani magunia 10 ya kilo 80. Akisema kwamba tayari ameshapeleka magunia matatu, tunaondoa kilo 240 na kutafuta zilizobaki. Katika vyama vya msingi kuanzia Newala na Tandahimba hadi Ruangwa na Nachingwea, tangu utaratibu wa stakabadhi ghalani ulipoanza kwenye korosho mwaka 2007, watu wanaifanya aljebra hii kila msimu, wengine kwa kalamu na wengine kwa kichwa tu.

Sasa niseme juu ya lugha, maana hapa ndipo mzigo unapoongezeka bila sababu. Katika Kiswahili tunasema namba "isiyozidi 20" au "isiyopungua 20", na mtoto wa Darasa la Tano hapotei, kwa kuwa neno lenyewe linamwambia mpaka uko upande gani. Kiingereza hueleza mpaka wa juu kwa maneno "at most", ambayo mgeni wa lugha akiyatafsiri anapata maana ya "kwa wingi kabisa", na mpaka wa chini kwa maneno "at least", yenye maana ya "kwa uchache kabisa", hivyo wengi wetu tuliposikia wingi tulidhani tunatakiwa kuchukua zilizo kubwa kuliko 20, tukageuza alama. Au chukua namba iliyopungua kwa 5 kutoka x. Sentensi ya Kiingereza, "5 less than x", huanza kwa kutaja 5 na kumalizia kwa kutaja x, na anayeifuata neno kwa neno huandika 5 − x mahali panapostahili x − 5. Aliyekosea hivyo anahesabiwa kuwa hajui kutoa, na alama zake zinaandikwa chini ya jina la somo la Hisabati, ingawa kutoa anakujua tangu utotoni na alichokosa ni mpangilio wa maneno ya watu wengine.

Tena mengi tunayoyahitaji tunayo. Aliyesoma shule ya msingi nchini hapa anajua namba shufwa na witiri, namba tasa, kigawe kidogo cha shirika, kipeo na kipeuo cha pili. Anajua maana ya kokotoa na rahisisha. Na anaijua MAGAZIJUTO, kwamba huanza mabano, kisha kugawanya, kuzidisha, kujumlisha na kutoa. Anapofika sekondari anapewa neno jingine lenye herufi za Kiingereza kwa ajili ya utaratibu ule ule, na hakuna anayemwambia kwamba ni utaratibu ule ule. Binti yangu na mimi tulibishana robo saa nzima, kila mmoja akiitetea kanuni yake, hadi tulipoziandika zote mbili kwenye mstari mmoja tukaona hazina tofauti. Robo saa ile tungeweza kuitumia kwa sehemu zenye herufi, ambazo mpaka leo bado zinanitoa jasho.

Kuna watu waliosoma ambao hudhani kwamba kuifundisha aljebra kwa Kiswahili ni kuishusha hadhi. Ningependa wakumbuke ilikotoka. Jina lenyewe ni la Kiarabu, kutoka kwenye kitabu kilichoandikwa Baghdad na Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi katika zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia mwaka 813 hadi 833. Al-jabr ni kurudishia kilichopungua, na neno hilo lilitumika pia kwa kuunga mfupa uliovunjika. Katika mlinganyo maana yake ni kukichukua kilichotolewa upande mmoja na kukirudisha kwa kujumlisha pande zote mbili. Jina la kitabu lina neno la pili, al-muqabala, yaani kuviweka vitu vya namna moja vielekeane na kupunguza kilicho sawa pande zote. Msomaji wa pwani hahitaji kamusi hapa, kwa kuwa tunasema kila siku kwamba duka liko mkabala na msikiti. Hata hisabati, hesabu na sifuri ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Maneno haya yamekaa vinywani mwetu miaka mingi kabla chuo chochote hakijajengwa Mtwara.

La muhimu zaidi ni kwamba kitabu kile hakina alama hata moja ya aina tunazoandika ubaoni leo. Kila kitu kimeelezwa kwa maneno. Alama ya sawasawa ilibuniwa mwaka 1557 na Robert Recorde wa Wales, na desturi ya kutumia x, y na z kwa namba zisizojulikana ilitokana na René Descartes wa Ufaransa mwaka 1637. Kwa hiyo, kwa karne kadhaa baada ya al-Khwarizmi, watu wengi walitatua milinganyo kwa sentensi za lugha waliyoielewa, na alama zikaja baadaye kufupisha kile kilichokwisha kueleweka. Sisi tunapewa ufupisho kabla ya maelezo, na maelezo yenyewe, yakija, yanakuja kwa lugha tunayoihangaikia.

Nimejaribu njia ya maneno na ningependa wasomaji waione. Mfano mashuhuri wa al-Khwarizmi unasema kwamba mraba ukijumlishwa na mizizi yake kumi, yaani upande wake mara kumi, unakuwa 39; kwa alama za leo, x² + 10x = 39. Maelezo yake ni haya: chukua nusu ya idadi ya mizizi, yaani 5, izidishe kwa yenyewe upate 25, jumlisha na 39 upate 64, tafuta kipeuo chake cha pili, ambacho ni 8, ondoa ile nusu ya mizizi, yaani 5, na jibu ni 3. Nilikata karatasi ya mraba, nikaiongezea vipande viwili vyenye upana wa 5, kimoja ubavuni na kingine chini, nikaona kwa macho yangu kwamba pembeni kunabaki pengo la mraba wa 5 kwa 5. Ukiliziba pengo hilo kwa 25, umbo lote linakuwa mraba mkubwa wenye eneo la 64, na upande wake ni 8. Jibu la pili, −13, yeye hakulihesabu, kwa kuwa alikuwa akitafuta majibu yaliyo chanya peke yake. Siku mbili baadaye, mkufunzi alipofundisha milinganyo ya kipeo cha pili kwa fomula ndefu, nilikuwa mmoja wa wachache waliojua fomula ile inatoka wapi, ingawa miezi miwili kabla nilikuwa wa alama 9.

Na sehemu ya mwisho ya kitabu hicho inahusu mirathi. Kwa sisi wa pwani ya Kusini hilo si jambo la mbali. Tuseme mtu amefariki akaacha mke, mtoto mmoja wa kiume, mabinti wawili na mikorosho 320. Kwa mirathi ya Kiislamu mke anapata thumuni, yaani sehemu moja ya nane, ambayo ni mikorosho 40. Inabaki 280. Fungu la binti tuliite x, la mwana wa kiume ni 2x, na mabinti ni wawili, kwa hiyo 4x = 280, na x ni 70; kila binti anapata mikorosho 70 na kaka yao 140. Wazee wetu waliosoma elimu ya mirathi hugawa hivi wakiwa wameketi barazani, na familia inaondoka ikiwa imeridhika na hesabu. Nikimwambia mmoja wao kwamba anafanya kile kilichoniangusha chuoni, hataniamini.

Najua pingamizi litakalotolewa, na ni la haki kulijibu. Wapo watakaosema kwamba mtihani ni wa Kiingereza, vitabu ni vya Kiingereza, na mwanafunzi anayezoeshwa Kiswahili atakwama mbele ya karatasi. Mimi siombi mtihani ubadilishwe. Ninaomba mpangilio: wazo liingie kwanza kwa lugha ambayo mtu anaweza kuulizia, kisha apewe maneno ya Kiingereza ya wazo hilo na kuyazoea, jambo ambalo ni rahisi zaidi kwa sababu sasa anajua neno linataja nini. Alama zenyewe hazina lugha. X² inabaki x² Lindi na London. Isitoshe, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, kabla ya toleo lake la 2023, ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote za elimu, kwa hiyo mkufunzi anayesimama kueleza mabano kwa Kiswahili hastahili kuonekana kama aliyevunja mwiko. Nimewahi kumsikia mkufunzi wetu akimweleza mwenzangu nje ya darasa, kwa Kiswahili safi, katika dakika tano, jambo lililotushinda ndani kwa saa mbili. Kisha kengele ikalia, tukarudi ndani, naye akarudi kwenye Kiingereza.

Niongeze jambo la muda, ingawa ni dogo. Muhula wa kwanza huanza wakati ule ule minada ya korosho inapoanza, kuanzia mwezi Oktoba, na sisi tunaofanya kazi maghalani na mashambani ndio tunaokosa vipindi vya mwanzo, ambavyo katika aljebra ndivyo vinavyobeba vyote vinavyofuata. Chuo kinachotaka kutusaidia kinaweza kuweka wiki tatu au nne za maandalizi katika Agosti au Septemba, jioni, kwa ajili ya sehemu, namba hasi na mabano peke yake. Mtu akiyamudu hayo matatu, mlinganyo sahili haumshindi. Na kwa niliyoyaona, wengi wetu hatukuanguka kwenye aljebra yenyewe, tuliangukia kwenye namba hasi na sehemu ambazo kila mwalimu alidhani mwalimu aliyemtangulia alishazimaliza.

Mtihani wangu wa marudio ni Februari. Tangu lile jaribio la kwanza nimekuwa na daftari ambamo naandika kila neno la Kiingereza linalotumika katika kozi yetu, mbele yake neno la Kiswahili nililolijua tangu shule ya msingi, na chini yake mfano mmoja wa korosho, nauli au vipimo vya shamba. Kwa maneno machache nimekosa Kiswahili chake nikaandika maelezo marefu, na hapo ningefurahi walimu wa Hisabati wa Mtwara na Lindi wanisahihishe. Hadi leo yamefika maneno 74. Wanafunzi wenzangu sita wameshalinakili, na nimemwahidi mkufunzi wetu kwamba nitampa nakala safi kabla darasa jipya halijaanza, ili kama uongozi wa chuo utamruhusu, aigawe siku ya kwanza.

Mwanafunzi mtu mzima,
Mikindani, Mtwara